Saa za Kusubiri Chini ya Mkorosho

Katika msafara wa mradi, dereva ndiye mtu pekee asiyekuwa na ajenda. Wataalamu wakishashuka na makabrasha yao wakaingia ofisi ya kijiji, na mtendaji akishasukuma mlango ili watoto wasichungulie, dereva hubaki nje na gari, kivuli, na saa tatu nne za kuzimaliza apendavyo. Wako wanaolaza kiti wakasinzia. Wako wanaofungua boneti na kuchungulia injini ambayo haina tatizo lolote. Dereva mmoja wa mradi wa maji, ambaye sasa ni mstaafu, alikuwa na mtindo wake: alitafuta mkorosho uliokuwa karibu na nyumba ya mzee, akaenda kubisha hodi.

Amezunguka mikoa ya Lindi na Mtwara tangu enzi ambazo mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na masika yakishika gari lililala njiani pamoja na watu wake. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 kivuko kilisahaulika, lakini kilomita 60 za matope kati ya Ndundu na Somanga ziliendelea kuwatoa madereva jasho kwa miaka mingi baadaye. Anayaeleza hayo kwa furaha kuliko anavyoeleza habari za wazee. Habari za wazee inabidi umchokonoe.

Hakuanza kwa nia ya kutoa sadaka. Alikwenda kuomba maji ya kunywa. Na juu kule Newala na Tandahimba, kuomba maji ni kuomba kitu chenye thamani. Uwanda wa Wamakonde uko juu, udongo wake unafyonza mvua yote, na chemchemi ziko chini kwenye miteremko. Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, tayari alistaajabia umbali waliokuwa wakitembea watu kufuata maji. Mabomba yamefika tangu wakati wa ukoloni, lakini kufika kwa bomba na kutoka kwa maji ni mambo mawili. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20, na bibi wa miaka 70 aliyebaki na wajukuu wadogo haibebi. Huichota nusu, akaenda mara mbili, au hununua. Basi dereva alipopewa kikombe cha maji na bibi wa namna hiyo aliona haya kukinywa. Safari iliyofuata alipita kwanza bombani bondeni, akajaza madumu mawili, ndipo akapanda mlima.

Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza kuwa marefu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Leo umekuja kunioa au unapita tu?"

"Nimekuja kuoa, ila mahari sina."

"Mahari si hayo madumu? Shusha."

Utani wa bibi na mjukuu ni leseni kubwa. Unamruhusu mwanamke mzee kumtuma mwanamume asiyemjua bila kuonekana anaomba, na unamruhusu mgeni kutumwa bila kuonekana anatoa. Mhandisi aliyekuwa ndani ya ofisi hakuwa na leseni hiyo. Alikuja na cheo, akakaribishwa kwa kiti cha plastiki, akaitwa "mheshimiwa", na hakuna bibi ambaye angethubutu kumwambia mheshimiwa amtungie uzi kwenye sindano.

Uzi kwenye sindano ndilo lililokuwa ombi la kwanza. Dereva anakumbuka lilivyokuja. Alikuwa ameketi, wamezungumza habari za mvua, bei ya korosho, kijana fulani aliyekwenda Dar es Salaam asirudi. Bibi hakutaja shida yoyote. Honi ya mwenzake ilipolia kumwita, akainuka, akaaga. Bibi akamsindikiza hatua tatu, kisha, kana kwamba jambo limemjia papo hapo: "Macho yako wewe bado mazima, eh?" Akafungua pindo la khanga, akatoa sindano iliyochomekwa kwenye kipande cha karatasi, na uzi mweusi. Gauni la mjukuu la shule lilikuwa limechanika tangu wiki iliyopita.

Baadaye dereva aligundua kwamba mambo huwa hivyo karibu kila nyumba. Mzee hasemi shida yake mgeni anapoingia. Wakati huo yeye ni mwenyeji, na kazi ya mwenyeji ni kukaribisha. Shida huitaja mgeni anaposimama, tena kwa mkato, ili kama haiwezekani isiharibu maongezi. Msafiri mwenye haraka, anayeaga huku mguu mmoja uko garini, haisikii kabisa. Dereva huyu akabuni hila yake: aliaga mapema, nusu saa kabla ya kulazimika kuondoka. Akisimama, ombi linatoka. Akilisikia, anaketi tena.

Maombi yenyewe yalikuwa madogo kiasi cha kuchekesha. Kusoma karatasi ya hospitali, kwamba kidonge hiki ni kimoja mara mbili na kile ni viwili mara moja. (Kusoma tu, dawa hakuwahi kumpa mtu, na anasisitiza hivyo kila mara, maana amewaona wasafiri wanaogawa vidonge vyao vya mkobani kama peremende.) Kufungua kifuniko cha dumu kilichokaza. Kushusha gunia lililohifadhiwa darini. Kukata kucha za miguu, kazi ambayo mtu mwenye mgongo uliopinda hawezi kuifanya mwenyewe na huona aibu kumwomba mkwe. Kupeleka ujumbe kwa binti aliyeolewa Masasi: mama mzima, ila aje na chumvi.

Sindano, hata hivyo, ndiyo iliyomfundisha zaidi, kwa sababu ilirudi kila kijiji. Jicho linalochoka kuona karibu halina ugonjwa. Mtu akifikia miaka 40 hivi, lenzi iliyo ndani ya jicho huanza kupoteza ulaini wake, na vitu vya karibu huingia ukungu. Mjini mtu huyo hununua miwani ya kusomea, shambani huacha kushona. Miwani hiyo huuzwa kando ya barabara, nguvu zake zimeandikwa kwenye karatasi ndogo iliyobandikwa kiooni, kuanzia +1.00 hadi +3.50. Dereva akawa anabeba kadhaa za nguvu tofauti kwenye kisanduku garini. Upimaji wake haukuwa wa kitaalamu: alimpa mzee ungo wa mchele achague mawe, akajaribu jozi moja baada ya nyingine hadi mkono ulipoacha kupapasa.

Si jambo dogo kama linavyosikika. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa wachuma chai wa Assam, India, wenye miaka 40 na zaidi: waliopewa miwani ya kawaida ya karibu waliongeza uchumaji kwa zaidi ya asilimia 20 kuliko wenzao waliosubiri. Mwaka 2024 ukaja mwingine kutoka Bangladesh, ambako kipato cha waliopewa miwani kilipanda kwa takriban theluthi moja ndani ya miezi minane. Dereva hajasoma tafiti hizo. Anachokijua ni kwamba mzee mmoja msuka mikeka wa upande wa Nanyumbu alivaa miwani, akatazama kazi yake ya mwaka mzima, akasema, "Kumbe nilikuwa nauza hivi?"

Wako ambao hakuna miwani iliyowafaa. Mboni ikiwa na utando mweupe, mara nyingi huo ni mtoto wa jicho, na dawa yake ni upasuaji hospitalini, wala si jozi nyingine yenye nguvu zaidi. Kwa hao alichoweza kufanya ni kumwambia mtoto au mpwa wa mzee, kwa sauti ya kawaida, kwamba upofu ule unatibika. Mara nyingi hilo lilikuwa habari mpya. Watu wa nyumbani walishaamua kwamba ni uzee.

Kisha kuna suala la umri, ambalo mtu wa mjini mwenye cheti cha kuzaliwa hawezi kuliona kama msaada. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na wazee wasio na uwezo wanapaswa kutibiwa bure katika vituo vya serikali. Lakini dirishani huulizwa umri, na ushahidi wake. Mtu aliyezaliwa kijijini enzi za mkoloni anao mwaka wake, ila hauna tarakimu. Ni mwaka wa kimbunga. Ni mwaka reli ya karanga ilipojengwa. Ni mwaka mmoja na mtoto wa fulani wa Lupaso.

Dereva alijifunza kuvigeuza vipande hivyo kuwa tarakimu. Kimbunga kilichopiga pwani ya Lindi kilikuwa Aprili 1952. Mama aliyeambiwa na wazazi wake kwamba upepo uliezua paa yeye akiwa mgongoni, basi sensa ya Agosti 2022 ilimkuta na miaka 70 au zaidi kidogo. Mradi wa karanga wa Waingereza ulianza mwaka 1947 na kusambaratika miaka michache tu baadaye, na reli yake ya kwenda Nachingwea ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Benjamin Mkapa, rais wa zamani na mtoto wa Lupaso wilayani Masasi, alizaliwa Novemba 1938. Babu aliyedai kuwa rika lake alikuwa na pa kuanzia, ingawa dereva anacheka kwamba kila babu wa Masasi ni rika la Mkapa. Makarani wa sensa hufanya hesabu ya namna hiyo hiyo kwa kalenda zao za matukio ya mahali. Tofauti ni kwamba karani huandika umri kwenye kishikwambi akaondoka nao. Dereva aliuandika kwenye kipande cha karatasi ngumu, pamoja na jina la tukio, akamwachia mwenyewe akatunze pamoja na kadi ya kliniki.

Umri ni nusu ya kitambulisho; nusu nyingine ni vidole. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipoanza Mei 2019, na tarehe ya mwisho ikasogezwa kutoka Desemba hadi tarehe 20 Januari 2020, wazee wengi walijikuta mbele ya kifaa kisichowasoma. Miaka 50 ya jembe na kubangua korosho, ambazo maganda yake yana mafuta yanayounguza ngozi, hufuta mistari ya kidole. Wakala kijana hujaribu mara mbili, akasema "haisomi", akaita anayefuata. Hapo alihitajika mtu wa kusimama pembeni na kusema, mjaribu kidole kingine, mwache anawe mikono kwanza, mpake mafuta kidogo, tena mkono wa kushoto. Si utaalamu. Ni kuwa na muda ambao wakala mwenye foleni hana, na kuwa na ujasiri ambao mzee, mbele ya mashine, hana.

Msimu wa korosho wa 2018 ndio anaouzungumzia kwa uchungu. Mwezi Novemba, bei ya mnada ilipozozaniwa, serikali ilitangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kutuma jeshi kuzikusanya. Malipo yalipitia akaunti za benki, baada ya uhakiki wa kila mkulima na shamba lake, kwa sababu ya vita dhidi ya kangomba, ule ununuzi wa mlangoni kwa bei ya kutupa nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani. Uhakiki una mantiki. Lakini waliokuwa wepesi kuuza kangomba mara nyingi walikuwa wazee: mwezi wa sita hauna korosho, chumvi haingoji mnada, na jirani mwenye fedha anajua hivyo. Kisha walewale ndio waliosubiri ujumbe wa simu wasioweza kuusoma.

Alisoma jumbe nyingi msimu ule. Kwa namna fulani hiyo ndiyo ilikuwa sadaka yake kubwa, na ilimgharimu sifuri. Mzee anatoa kitochi chake kilichofungwa kwa raba, anakukabidhi pamoja na namba ya siri, kwa sauti, mbele ya watu watano. Dereva aliweka sharti moja ambalo hakulivunja: namba hataki kuijua. Alimtaka mzee amwite mjukuu wa kike, yule anayesoma darasa la sita au la saba, amwonyeshe yeye. Akawafundisha wote wawili jinsi ya kutazama salio na jinsi ya kubadilisha namba ambayo kijiji kizima kilishaisikia. Alipendelea wasichana kwa sababu, anavyosema, wavulana wa umri huo wakishaona salio wanapata mawazo.

Mtu anaweza kubishana naye hapo. Ila hoja iliyo chini yake ni nzito: msafiri ataondoka. Kinachobaki ni mtoto wa jirani aliyeona mtu mzima akiketi dakika 20 na bibi kwa ajili ya ujumbe mmoja, akajua kwamba hiyo ni kazi ya kufanywa na watu. Katika vijiji viwili vitatu alikorudi mara kwa mara, alikuta sindano za bibi zimeshatungwa uzi, tano sita kwa mpigo, zimechomekwa kwenye kipande cha ndala. Mtoto huzitunga Jumamosi, za kutosha wiki nzima.

Sasa kuhusu malipo. Hakuna nyumba aliyotoka mikono mitupu. Korosho za kukaanga kwenye gazeti, mayai manne, boga, na mara moja kuku hai, jogoo mwekundu aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Aliyemtoa alikuwa babu ambaye kuku wake wote walikuwa watatu. Dereva alikataa kwa heshima. Babu akanyamaza, uso ukabadilika, akaanza kumfungua yule jogoo taratibu kana kwamba anafungua mzigo uliorudishwa na posta. Dereva akaelewa haraka. Akampokea. Jogoo alisafiri hadi Mtwara chini ya kiti cha mhandisi, akawika karibu na Nanyamba katikati ya simu ya mkubwa kutoka wizarani.

Ndivyo anavyopima mwenyewe kama msaada ulikaa vizuri: je, mzee amebaki mwenye nyumba? Aliwahi kuona upande mwingine. Kikundi cha wageni kutoka mjini kilifika na mabunda ya sukari na khanga, wazee wakapangwa mstari juani, kila mmoja akapokea akitazama kamera, mara nyingine akarudia kupokea kwa sababu picha ya kwanza haikutoka vizuri. Sukari ilikuwa sukari, na ilinyweka. Lakini hakuna aliyewakaribisha wageni wale ndani, na hakuna aliyewapa hata yai. Wageni hawakuona upungufu wowote.

Isidhaniwe kwamba madumu mawili na miwani ya mtaani yanaweza kushika nafasi ya mfumo. Zanzibar imekuwa ikilipa pensheni jamii kwa kila mzee aliyefika miaka 70 tangu Aprili 2016, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Kenya nayo, kupitia Inua Jamii, ilifungua mlango kwa wote wenye miaka 70 na zaidi mwaka 2018, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Tanzania Bara, ruzuku ya TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, huifuata kaya maskini, haimfuati mtu kwa umri wake, na mkulima wa korosho mwenye miti aliyorithi, hata kama hana nguvu za kuipulizia, anaweza asihesabiwe. Dereva aliwahi kumuuliza bibi mmoja wa Tandahimba angefanya nini na 20,000 kila mwezi. Hakusita: angemlipa kijana wa kumletea maji, kisha asingelazimika kumchekea.

Jibu hilo limebaki na mwandishi wa makala haya kuliko mengine yote, kwa sababu linakwaruza. Utani, kusindikizwa, "mume wangu", vyote vile vizuri, ndani yake vina kazi: mzee hulipia msaada kwa uchangamfu, hata siku ambayo hana. Mwenye fedha zake huomba maji akiwa amenuna.

Dereva alipostaafu alimkabidhi mrithi wake funguo na kile kisanduku: sindano zenye matundu mapana, uzi mweusi na mweupe, kikata kucha, kalamu ya wino usiofutika, jozi za miwani zilizobaki, na kipande cha sabuni ya mche. Kijana alipokea kwa adabu. Miezi kadhaa baadaye walipokutana stendi ya Mtwara, alisema kisanduku hajakigusa sana. Si kwamba hataki. Lami imeongezwa, vikao vimefupishwa, posho za kulala zimekatwa, na wataalamu siku hizi huenda kijijini na kurudi siku hiyo hiyo. Wakati mwingine injini haizimwi. Dereva mstaafu akamuuliza kama anakumbuka kuaga mapema. Kijana akasema, "Baba, nikiaga mapema nitakuwa sijafika."

Walichokubaliana mwishowe ni jambo la kawaida sana: kwamba kisanduku kihamie kwa mwendesha bodaboda mmoja wa Kitangari, ambaye hulala kijijini na ana foleni ya kusubiri abiria kila mchana. Huyo aliuliza swali moja tu, kama miwani atalazimika kuitoa bure au anaweza kuuza jozi mbili ili anunue nyingine. Wakabishana hadi basi lilipoondoka.